Wagonga Ribiti wa Rolf Krake

Vitabu vya vita vikiitaja Rolf Krake, manowari ya chuma ya Denmark, huanza na mizinga yake na makamanda wake. Mimi nawasifu mafundi. Iliundwa na kampuni ya Robert Napier, Glasgow, kando ya mto Clyde, ikashushwa majini mwaka 1863 ikiwa na jina la mfalme wa hadithi za kale za Wadenmark.

Itazame kazi ya siku zile. Kijana anaipasha ribiti motoni mpaka iwe nyekundu, anaichomoa kwa koleo, inatiwa kwenye tundu linalopita mabamba mawili. Mtu wa ndani anaikaza kwa nyundo nzito. Nje wapo wawili wanaoigonga kwa kupokezana, mpaka ncha yake ibonyee na kuwa kichwa. Lazima wawahi, kwa sababu ribiti ikipoa hunywea, na kule kunywea ndiko kunakoyabana mabamba. Iliyopoa kabla ya wakati huvuja. Kazi hiyo ilirudiwa mara maelfu kwa meli moja, na kelele zake ziliwaachia wengi uziwi wa maisha.

Ubavuni walifunga gamba la chuma la sentimita 11 hivi, nyuma yake mbao nene. Juu wakaweka minara miwili ya mizinga, ubunifu wa Kapteni Cowper Coles wa Uingereza, kila mmoja ukikaa juu ya duara la magurudumu madogo na kuzungushwa kwa mikono ya mabaharia. Duara lile lingepinda kidogo tu, tani zote zile zingekwama mbele ya adui. Usahihi huo ulitoka kwenye macho na vidole vya watu.

Februari 18, 1864, katika vita vya Denmark na Waprusi, meli ilitumwa kulivunja daraja la adui huko Egernsund. Maji yalikuwa haba, haikuweza kusogea karibu, na daraja likabaki. Lakini mizinga ya nchi kavu iliipiga mara kadhaa wa kadhaa, nayo ikaondoka kwa nguvu zake yenyewe. Denmark ilishindwa vita vile na kuzipoteza Schleswig na Holstein. Lawama za kushindwa huko asitupiwe fundi hata chembe. Chuma chake kilifanya kilichoagizwa.

Rolf Krake ilivunjwa mwaka 1907, miaka 44 tangu kushushwa majini. Kwangu mimi, heshima yake ni ya wagonga ribiti wa Clyde kwanza, makamanda baadaye.