Eko mbele ya ampli ao nyuma yake: The Edge na Eddie Van Halen

Kuko hukumu moja naisikia kila mara wapiga gitare wanapokutana: eti maraki ya miaka ya 1980 njo yaliharibu sauti ya gitare. Raki ni ile kabati ya chuma yenye wanapangamo maapareyi ya efe, moja juu ya ingine: delai, reverbe, chorusi. Muziki ya ile miaka nimeisikiliza sana, na hukumu hiyo mi naikataa. Apareyi moja inaweza kutoa dhahabu kwa mutu mumoja na matope kwa mwingine, kufwatana na ginsi kable zinapita. Tuangalie watu wawili.

The Edge wa U2 anajulikana kwa ampli ya Vox AC30 ya 1964. Mbele ya ampli anaweka delai, na kati ya zile delai kuko Korg SDD-3000, iliyotoka 1982. Maana yake sauti inafika mu ampli ikiwa tayari na eko yake. Fundi mingi wa sono wangemukataza, juu ampli yenye kusukumwa nguvu inakwaruza nota na eko yake pamoja. Sasa sikiliza "Where the Streets Have No Name", ku albamu The Joshua Tree ya 1987. Mwendo ni karibu mapigo 125 kwa dakika, pigo moja linakamata milisekunde 480, na eko inarudi ku robo tatu ya pigo, ni kusema karibu 360. Anapiga nota chache tu, eko inajaza mashimo, na ampli inafunga vyote kuwa kitu kimoja mpaka huwezi kutenga mukono wa mutu na kazi ya mashine. Hapo njo uzuri wote wa ule wimbo uko. Peleka ile eko nyuma ya ampli, safi kabisa, utabaki na gitare na kivuli chake.

Eddie Van Halen, mwanzo wa miaka ya 1990, alifanya kinyume, na mufundi wake wa kupanga kable alikuwa Bob Bradshaw wa Los Angeles. Bafle ya katikati ilibeba sauti ya ampli tupu. Sauti ileile ilichotwa nyuma ya ampli, ikapunguzwa nguvu, ikapitishwa mu raki, halafu ikatoka ku bafle za kushoto na kuume. Mule mulikuwa Eventide Harmonizer, yenye ilipandisha nota kidogo sana upande huu na kuishusha upande ule, pamoja na delai mbili za Roland SDE-3000. Sauti ya katikati haikupita hata siku moja ndani ya mashine ya dijitali. Mu 2023 Boss ilitoa pedale yenye kuiga zile delai mbili, na matokeo ya bafle tatu.

Sisi ba agronomi tunaelewa hii haraka. Mu mashamba ya muchele, maji yakipita toka kiwanja hiki kwenda kile, kiwanja cha tatu kinapokea vyote venye cha kwanza kiliacha, mbolea pamoja na mbegu za majani mabaya. Kila kiwanja kikiwa na mufereji wake, kila kimoja kinakunywa ku chemchemi.

Kazi ya Van Halen ni ya ufundi mukubwa, lakini inanichosha. Ule upana uko palepale kila wimbo, kama nyumba yenye taa zote zinawaka muchana. Ku albamu yao ya kwanza, ya 1978, gitare imekaa karibu yote upande mumoja, reverbe ikijibu upande wa pili, na kunabaki shimo lenye linakuvuta sikio. Mi nachagua ile shimo.

Kosa lenye linanikera zaidi ni la wale wenye kugawanya sauti njia mbili, halafu wanaacha kila apareyi ku nusu: nusu sauti tupu, nusu efe. Sauti tupu inafika mara mbili, na ya pili imechelewa juu ya mashine. Ikichelewa milisekunde 1 tu, kwa nguvu sawa, inafuta 500 Hz, 1500, 2500 na kuendelea. Gitare inabaki nyembamba, na mutu anaanza kulaumu ampli. Kwa njia ya pembeni, weka efe asilimia 100.

Na kwetu? Mu sebene kuko solo, mi-solo na akompanyama, na kila shimo lenye solo anaacha ni kiti cha mwenzake. Ukileta eko ya The Edge pale, inaketi mu kiti cha mi-solo. Hapo mupango wa Van Halen ungesaidia, kwani eko iko kando na unaweza kuishusha bila kugusa sauti ya katikati. Lakini sono mingi ya makanisa na ya mabare yetu ni mono: kushoto na kuume vinaingia mu bafle moja, na ile nota yenye ilipandishwa inakutana na yenye ilishushwa, inakuwa uji. Mu sono kama hiyo mi ningeacha Harmonizer mu sanduku, nibakize delai moja fupi, na balansi ifanywe mi-solo akiwa anapiga.