Kitabu Kilichobeba Bomu

Ukitoka Kariakoo kwa miguu, ukakatiza Mnazi Mmoja mpaka Mnara wa Saa, mkono mmoja utakupeleka Mtaa wa Nkrumah. Mpita njia wa leo ataona maduka na pilikapilika za kawaida za mjini. Katika miaka ya 1960 ilikuwapo hapo ofisi ya FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichoundwa katika jiji hili tarehe 25 Juni 1962. Mimi nilikuwa kijana wa shule, nakaa kwa baba mdogo Kariakoo, na mtaa huo niliupita mara nyingi bila kuujali.

Jumatatu, tarehe 3 Februari 1969, Dakta Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, alichukua kifurushi kilichofika kwa jina lake. Akaenda nacho Oyster Bay, kwenye nyumba ya rafiki yake Mmarekani, alikozoea kufanya kazi kwa utulivu. Ndani mlikuwa na kitabu cha maandishi ya Mrusi Plekhanov, kwa Kifaransa. Alipokifungua, bomu lililofichwa humo likalipuka na kumwua. Alikuwa na umri wa miaka 48.

Historia ya mapinduzi ina mabomu ya kila namna. Tarehe 16 Septemba 1920, New York, gari la farasi lililosheheni baruti lililipuka mbele ya benki ya J.P. Morgan, likaua watu zaidi ya 30, wengi wao makarani na matarishi. Benki ikafungua milango kesho yake, hakuna aliyehukumiwa, na makovu ya vyuma yangali ukutani hata leo. Sisi Dar es Salaam mabenki yetu yalichukuliwa na umma kwa tangazo, Februari 1967, bila hata kioo kuvunjika. Bomu letu lilikuja miaka miwili baadaye, tena katika jalada la kitabu. Mwenye kulipanga alijua jambo moja juu ya mtu wake: huyu ni msomaji, akipewa kitabu atakifungua.

Yaliyofuata hayakuwa mepesi. Mondlane alizikwa Kinondoni, na baadaye mabaki yake yakahamishiwa Maputo. Lawama nyingi ziliwaangukia makachero wa Kireno, nayo minong'ono ikawagusa watu wa ndani ya chama. Aprili 1969 uongozi ulikabidhiwa watu watatu: Uria Simango, Samora Machel na Marcelino dos Santos. Utatu huo haukudumu. Novemba ya mwaka ule Simango alitoa waraka wa kuwashutumu wenzake, akaondolewa, na baada ya uhuru wa 1975 aliuawa bila kupewa hukumu ya wazi. Kwa hiyo bomu lile liliendelea kuua muda mrefu baada ya moshi wake kutoweka Oyster Bay.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Nilifundisha historia kwa zaidi ya miaka thelathini, na mwisho nikawa mkuu wa chuo cha ualimu. Kila mwaka niliandika ubaoni: Mondlane, FRELIMO, 1962, aliuawa kwa bomu, 1969. Wanachuo wakanakili, wakakariri, wakafaulu. Siku moja mwanachuo wa kike alinyoosha mkono: "Shikamoo Mwalimu. Huyo Mondlane mwenyewe aliandika nini?" Nikamjibu, "Marahaba binti yangu, tutaliangalia kipindi kijacho." Kipindi hicho hakikufika, kwa sababu mwalimu wake hakuwa amesoma.

Nilikisoma kitabu chake baada ya kustaafu, nilipokikuta kwa muuza vitabu vya mitumba: *The Struggle for Mozambique*, kilichochapishwa na Penguin mwaka uleule wa 1969, mwandishi akiwa tayari kaburini. Nilitegemea hotuba za kupasha moto mkutano. Nilichokuta ni kazi ya mwalimu. Mondlane alikuwa na shahada ya udaktari na alipata kufundisha chuo kikuu Marekani, na anaandika kama mtu anayejua kwamba hoja isiyo na ushahidi ni kelele. Anaeleza kazi ya kulazimishwa, ardhi na mishahara, kisha anawaachia nafasi wakulima na wapiganaji waseme wenyewe yaliyowapata. Hapo ndipo ubora wake ulipo: sauti ya kiongozi haifuniki sauti ya wafuasi.

Kasoro zimo pia, na kumheshimu marehemu si kuzificha. Ushahidi wa mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960 unataja wafu wapatao mia tano. Watafiti wa baadaye wameitilia shaka sana idadi hiyo, na mwanazuoni wa kiwango chake angeweza kuipima zaidi. Ubaya wa tendo lenyewe haukuhitaji idadi kubwa ili ueleweke. Jambo la pili ni lugha. Kitabu kiliandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya wasomaji wa mbali ambao msaada wao ulitafutwa. Sababu naielewa. Hata hivyo, mkulima wa Cabo Delgado ambaye maneno yake yamo ndani asingeweza kuyasoma, wala mchukuzi wa Kariakoo aliyeishi jirani na ofisi ile.

Lakini sura iliyonishika ni ile ya elimu na utii. Mondlane anaonyesha jinsi shule za Kireno zilivyopangwa: Waafrika wachache sana waingie, na hao wachache wafundishwe kumwiga na kumtii mtawala. Mwenyewe alipitia mfumo huo, na alijua kwamba mlango ulipomfungukia yeye ulibaki umefungwa kwa maelfu. Ndiyo maana kwake shule na bunduki vilikwenda pamoja, na chama chake kilikuwa na Taasisi ya Msumbiji hapa hapa Dar es Salaam, Kurasini, ya kuwasomesha vijana.

Nilipomaliza sura ile nilikaa kimya barazani. Mtu huyu alilalamikia elimu ya kutii na kurudia maneno, nami nikamfundisha yeye mwenyewe kwa njia hiyohiyo: jina, mwaka, bomu. Waliomtumia kifurushi walitaka anyamaze. Mimi sikuwa adui yake, lakini darasani kwangu alinyamaza miaka thelathini.

Msumbiji huadhimisha tarehe 3 Februari kuwa Siku ya Mashujaa. Walimu wenzangu mnaofundisha bado, siku hiyo ikifika msiishie kwenye bomu. Tafuteni kurasa mbili tatu za sura ile, mzifasiri kwa Kiswahili, wanafunzi wabishane nazo, hata na ile idadi ya Mueda.

Yule binti bila shaka naye sasa ni mwalimu wa siku nyingi, mahali fulani katika nchi hii. Namdai radhi, naye ananidai jibu. Ikiwa kijitabu hiki kitamfikia, jibu ndilo hili: aliandika habari za watu wake, na katikati yake aliandika habari za shule, yaani habari zetu.