Bildi na Kumbukumbu: Maandishi ya Mabaharia Waliopima Bahari ya Lamu

Tenzi za Pate, Siyu na Lamu zimekwisha kuandikiwa mengi na wahakiki wetu, na hiyo ni haki yake. Lakini yapo maandishi mengine yanayohusu bahari ile ile, yaliyotungwa wakati baadhi ya washairi wale walikuwa bado hai, nayo hayajapata msomaji wa fasihi. Ni kumbukumbu za mabaharia waliotumika katika manowari za Kiingereza zilizotumwa kupima kina cha maji na kuchora ramani za pwani. Mwanahistoria huyafungua, akachota tarehe na majina ya maliwali, kisha akayafunga. Makala haya yanakusudia kuyasoma kama masimulizi, yaani kama kazi zenye msimulizi, zenye fani, na zenye watu walioingizwa ndani na watu walioachwa nje. Nadai kwamba kuachwa nje kwa mtu wa pwani, ambaye ndiye aliyeyajua maji, hakukutokana na dharau ya mwandishi peke yake. Fani yenyewe ya masimulizi haya haikuwa na mahali pa kumweka.

Tuanze na safari iliyozaa vitabu hivyo. Mwaka 1822 Kapteni William Fitzwilliam Owen alitoka Uingereza na meli mbili, Leven na Barracouta, hii ya pili baadaye ikiwa chini ya Alexander Vidal. Walipima pwani ya Afrika mpaka mwaka 1826, wakarudi na ramani mpya zipatazo 300. Zaidi ya nusu ya mabaharia waliotoka nao walikuwa wamekwisha kufa, wengi wao kwa homa. Kitabu kinachoitwa cha Owen kilitoka mwaka 1833 katika juzuu mbili, lakini Owen si mwandishi wake kwa maana tuliyoizoea: kilitungwa kutokana na shajara za maofisa wa safari hiyo, na mhariri wake ni Heaton Bowstead Robinson. Kitabu cha pili ni cha Thomas Boteler, luteni aliyetumika katika meli hizo hizo. Kilitoka mwaka 1835, miaka 6 baada ya mwandishi kufariki katika Afrika ya Magharibi, ambako alikuwa amekwenda kupima pwani nyingine.

Vitabu hivi viwili aghalabu hutajwa pamoja, kana kwamba ni kimoja. Mimi naona tofauti yao ni kubwa, nayo ni tofauti ya sauti. Kitabu cha Owen kina "sisi" isiyo na mwili. Shajara nyingi zimemiminwa katika chungu kimoja, na anayesema ukurasa huu huenda siye aliyesema ukurasa uliopita. Msomaji hajui ni nani aliyeona, ni nani aliyeogopa, ni nani aliyemzika mwenzake asubuhi. Boteler ana kasoro zake. Ni mwana wa zama zake, huwapima watu upesi kuliko alivyopima maji. Hata hivyo ni mtu mmoja anayekumbuka, na kumbukumbu ya mtu mmoja huweza kuhojiwa. Nilipovisoma kwa mara ya kwanza, katika maktaba ya ng'ambo ambamo Lamu ilikuwa jina tu katika faharasa, nilikipendelea cha Owen kwa wingi wa habari zake. Leo nakipendelea cha Boteler, na sababu ni hiyo.

Tusidanganyike kwamba kazi ya kupima ilikuwa ya kisayansi mtupu, haina upande. Owen alipotia nanga Mombasa mwezi wa Februari 1824, Mazrui walikuwa wakitafuta kinga dhidi ya Sayyid Said. Akawapa bendera, akamwacha Luteni Reitz kuwa mkuu wa mahali, na katika mapatano yao mlikuwamo sharti kwamba Uingereza itamrejeshea mtawala wa Mombasa milki zake za zamani. Mkaazi wa Lamu angelisikiaje sharti hilo? Miaka kama 10 tu ilikuwa imepita tangu vita vya Shela, Lamu ilipowashinda watu wa Pate na Mombasa na kisha kuomba himaya ya Sayyid Said. Bwana Zahidi Mngumi, mshairi na mwanasiasa wa Lamu, alikuwa mtu wa wakati huo huo. Na upande wa pili Muyaka bin Haji alikuwa Mombasa wakati Reitz, na baada ya kifo chake Emery, walipokaa kwa jina la mfalme wao. Kwa hiyo yako masimulizi mawili ya ugomvi mmoja: la ushairi, ambalo kila neno lina mwenyewe na kila fumbo lina anayefumbiwa; na la safari, ambalo mambo hutokea mbele ya "sisi". London ilikataa kuikubali kinga hiyo, ikaisha mwaka 1826. Jina la Reitz likabaki katika ramani ya Mombasa hadi leo.

Hapa inafaa tuitazame kazi yenyewe, kwani naamini kazi ndiyo iliyoiunda fani. Chombo kikuu cha mpimaji wa zamani kilikuwa bildi: risasi nzito iliyofungwa kamba ndefu. Mpiga bildi alisimama ubavuni mwa meli, akaitupa mbele, akaiacha ishuke, na kamba iliposimama wima akasoma kina na kukitangaza kwa sauti ya kuvuta, karibu na wimbo. Kamba ilitiwa alama za vipande vya ngozi na vitambaa vya namna mbalimbali, ili usiku mkono uweze kutambua pale ambapo jicho halioni. Chini ya risasi palikuwa na tundu lililojazwa shahamu. Risasi ikigusa chini, shahamu ilinasa mchanga, tope au kipande cha gamba, na mpimaji akajua sakafu ya bahari ilivyo. Ofisa alikuwa karibu na daftari. Aliandika tarakimu na herufi ya aina ya mchanga. Hakuandika ni nani aliyetupa, wala ni nani aliyemwambia tangu asubuhi kwamba hapo pana fungu.

Zitazameni kurasa za masimulizi haya na mtaona muundo ule ule wa daftari. Sentensi imetupwa, imegusa, imepandishwa. Kilichonaswa kimeandikwa, na aliyetupa ametoweka. Rubani wa pwani akitokea, aghalabu hutokea kwa cheo tu, tena pale anapokosea. Akiongoza sawasawa, meli "inaingia" bandarini yenyewe. Nani asiyejua kwamba kuingia Lamu kati ya Shela na Ras Kitau si jambo la kubahatisha? Nani angempitisha mgeni katika Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara ambao zamani haukupitika ila maji yakijaa, bila mtu aliyezijua siku za bamvua na siku za maji mafu? Elimu hiyo ilikuwa imehifadhiwa katika upondo wa mwenye dau na katika majina ya mafungu, wala haikuhitaji daftari.

Lugha yetu inatoa ushahidi ambao vitabu hivyo haviutoi. Kwa Kiswahili neno pima ni kitenzi na ni jina pia: pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa, na ndicho kipimo cha kina. Bahari imepimwa kwa mwili wa mtu, na mtu huyo bado yumo katika neno. Ramani nayo ilikuwa jina la kitabu cha manahodha wa Ghuba na bahari ya Uajemi, chenye njia, nyota na bandari, kabla haijawa karatasi iliyochorwa. Rubani, nahodha, sarahangi, dira, tanga, kusi, kaskazi: msamiati mzima wa kazi ulikuwapo, umekwisha kupevuka, siku Leven ilipotokea. Mgeni alituongezea neno manowari, ambalo tulilichukua kutoka kinywani mwake tukalinyosha. A.H.J. Prins alijitahidi kuyakusanya mengi ya mambo haya katika kitabu chake juu ya mabaharia wa Lamu, kilichotoka mwaka 1965, na tunamshukuru. Lakini lengo lake ni elimu ya jamii. Mabaharia wake wanaeleza vyombo, hawasimulii maisha.

Hata hivyo pengo kubwa zaidi halimo katika kumbukumbu za maofisa, bali liko nje yake. Katika karne ya 19 manowari za Kiingereza katika bahari yetu ziliandika kazini watu wa Unguja na pwani, wakawaita Sidi. Neno hilo asili yake ni "bwana wangu", nao wakapewa watu wa kazi ya chini kabisa, wachochea makaa na wavuta makasia. Katika daftari za meli wengi hawakuandikwa kwa majina yao bali kwa majina ya mzaha waliyobuniwa na wakubwa. Hawa nao ni mabaharia wa zamani wa manowari. Walirudi majumbani, wakasimulia. Nani atashuku kwamba walisimulia barazani? Lakini hatuna kitabu chao hata kimoja cha kukilinganisha na cha Boteler.

Mtu ataniuliza kama Waswahili wa enzi hizo waliandika nathari ya safari. Waliandika. Mkusanyo wa Velten wa mwaka 1901, Safari za Wasuaheli, ni ushahidi wa kutosha, na Selim bin Abakari anasimulia mpaka Urusi na Siberia. Lakini watu hao walikuwa wasafiri na wafuasi wa misafara; hakuna aliyesimulia kutoka chumba cha makaa. Manowari inatokea tena katika Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapishwa mwaka 1934, na hapo inaonwa kutoka upande wa pili, kwa macho ya waliokuwa wakisafirishwa kuuzwa. Mbotela amelaumiwa, na si bure, kwa kumsifu mno Mwingereza. Lakini hata lawama hiyo inawezekana kwa sababu yeye ana sauti na ana msimamo. Sidi hana hata cha kulaumiwa.

Na msimamo wa meli za kupima ulikuwa upi? Mwezi wa Januari 1875 Nassau, meli iliyokuwa pwani hii kwa kazi ya upimaji, ilishirikiana na Rifleman kuipiga mizinga Ngome ya Yesu, Mombasa, akida wa ngome alipomwasi Sayyid Barghash. Meli iliyokuwa ikiandika kina cha bandari ilikijua vyema, na kwa hiyo ilijua mahali pa kusimama. Sitaki kulifanya tukio hili kuwa hukumu ya kila mpimaji. Nasema tu kwamba mhakiki akisoma tarakimu za kina aikumbuke mizinga hiyo.

Karne moja baadaye jina la Owen lilirudi baharini likiwa jina la meli. Mwaka 1962 HMS Owen, meli ya upimaji, ilichukua vipimo vya sumaku juu ya safu ya milima iliyo chini ya bahari, kaskazini-magharibi mwa Bahari ya Hindi. Vipimo hivyo ndivyo Vine na Matthews walivyovitumia mwaka 1963 kueleza kwamba sakafu ya bahari inatanuka. Wazee waliotumika katika meli za namna hiyo wamesimulia maisha yao, na masimulizi yao yana mvuto usiotarajiwa: joto, kwenda na kurudi siku nzima katika mistari iliyonyoka, kupiga hema ufukoni kulinda mti wa kupimia maji kujaa na kupwa, utani wa jikoni. Ni baharia wa kawaida anayesema sasa, wala si ofisa. Kwa hiyo nayaweka juu ya kitabu cha Owen kwa sauti. Lakini pwani ndani yake imekuwa tupu zaidi kuliko ile ya Boteler. Boteler walau alilazimika kuongea na watu wa bandari ili apate maji ya kunywa.

Wenzangu wengine husema kwamba maandishi ya ubeberu tuwaachie wenyewe, tushughulike na yetu. Siafikiani nao. Bandari mpya ya Lamu, ambayo gati yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2021, ilijengwa kwa kuchimbua sakafu ya bahari, na wavuvi wapatao 4,600 walikwenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua walipwe shilingi bilioni 1.76, na katika hukumu yake ikazingatia uvuvi wao kuwa ni utamaduni pia. Jina la fungu au la mlango, pamoja na kisa kilicholizaa, ni maandiko ya mtu asiyekuwa na daftari, na fungu likichimbuliwa jina halina tena mahali pa kushika. Idara zetu zimewatuma wanafunzi wengi kukusanya nyimbo za harusi na ngano za sungura. Ni wangapi waliotumwa Matondoni, Kizingitini au Kiwayu kukusanya masimulizi ya mabaharia?

Ningependa sura za Boteler zinazohusu pwani yetu zifasiriwe kwa Kiswahili, na ingefaa kazi hiyo ifanywe Lamu kwenyewe, si mjini. Mfasiri ataliona tatizo lake tangu mstari wa kwanza wenye mwamba usio na jina katika Kiingereza. Itambidi atoke na kitabu mkononi, amwulize mwenye dau mwamba huo unaitwaje.