Bendi Bora ya Wakati Wote: Namna ya Kuipima kwa Sikio

Wakutanishe wapenzi watatu wa muziki wa dansi, waulize ni bendi gani iliyo bora kuliko zote, na kutakucha kabla hawajakubaliana. Wa kwanza atasema Msondo ndiyo baba ya muziki. Wa pili atashikilia Sikinde, ngoma ya ukae. Wa tatu atamtaja Mbaraka Mwinshehe na hatataka kusikia jina jingine. Wote wana hoja nzito, tatizo ni kwamba kila mmoja anajibu swali la kwake. Anayeitaja Msondo anasifu kundi lililodumu. Anayeitaja Sikinde mara nyingi anasifu upangiliaji wa vyombo. Anayemtaja Mbaraka anamsifu mtu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya anayetaka kupanga orodha yake ni kutenganisha mambo matatu: bendi, mwanamuziki na wimbo. Kila kimoja kina kipimo chake, na ukivichanganya utamnyima mtu haki yake au utaipa bendi sifa isiyo yake. Hapa nitajifunga kwenye dansi la Kiswahili la Tanzania na Kenya, hasa la miaka ya 1960 hadi 1980. Taarab ina mizani yake, na kuipima Ikhwani Safaa kwa kipimo cha Vijana Jazz ni kuzionea zote mbili.

Kipimo cha kwanza cha bendi ni kuondokewa. Tazama nini kilitokea nyota wake walipofungasha virago. Bendi ya NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na Muhidin Gurumo alikuwa miongoni mwa waliokuwepo tangu mwanzo. Mwaka 1978 Gurumo aliondoka, akashirikiana na mpiga gitaa Abel Balthazar kuiasisi Mlimani Park Orchestra, maarufu kwa jina la mtindo wake, Sikinde. Lilikuwa pigo ambalo lingeweza kuua bendi yoyote. Lakini NUTA ilibadili jina ikawa JUWATA, baadaye OTTU, na hatimaye ikabaki na jina la mtindo wake, Msondo Ngoma. Ukisikiliza kazi za JUWATA za miaka ya 1980, unaitambua Msondo kwa zile tarumbeta na kwa mwendo wake mzito, ingawa sauti nyingi za mbele ni nyingine.

Mlimani Park nayo ilionja machungu hayo hayo. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima aliwachukua Gurumo, Balthazar na wenzao kadhaa kwenda kuijenga upya Orchestra Safari Sound, iliyotamba kwa mtindo wa Ndekule. Sikinde ikapata watu wengine, ikaendelea. Bendi iliyozaliwa kwa kunyakua nyota wa wenzake ikanyakuliwa wa kwake, na bado ikasimama.

Siri ya uimara huo haikuwa sauti peke yake. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri: magitaa, ngoma na vipaza sauti vya NUTA vilikuwa vya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park ikaja kuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara. Akiondoka, anaondoka na koo lake na vidole vyake, huku gitaa, ukumbi na jina vikibaki. Anayekuja anakuta nafasi iliyo wazi na mtindo ambao tayari una masharti yake. Ndiyo maana mitindo ilipewa majina na kulindwa kwa wivu: Sikinde, Msondo, Pamba Moto, Ogelea Piga Mbizi. Mtindo ulikuwa kanuni ya namna vyombo vinavyoingia na kutoka, na mgeni alilazimika kuifuata.

Sasa geukia Morogoro, mji uliokuwa na bendi mbili hasimu. Cuban Marimba ilikuwa ya Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965 kwa ajali ya gari. Juma Kilaza aliishika, akaendelea kutoa vibao vilivyopendwa. Morogoro Jazz ndiyo iliyomtoa Mbaraka Mwinshehe, ikaenda naye hadi Japani kwenye maonyesho ya Expo 70 mjini Osaka. Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka kuanzisha Super Volcano, na Morogoro Jazz haikurudia tena kimo chake. Kwa kipimo cha kuondokewa, Cuban Marimba inafaulu na Morogoro Jazz inayumba. Hilo halimpunguzii Mbaraka chochote. Linatuonyesha tu kwamba jina lake ni la kuandikwa kwenye orodha ya wanamuziki, tena juu kabisa.

Kipimo cha pili ni upangiliaji wa vyombo, na hapa hapana njia ya mkato: kaa chini usikilize. Chukua Sina Makosa ya Les Wanyika, kundi lililozaliwa Nairobi mwaka 1978 baada ya wanamuziki kujitoa Simba Wanyika. Mtunzi ni Omari Shabani, mpiga gitaa la rizimu. Usikilize wimbo huo mara ya kwanza kwa ajili ya besi pekee, usijali maneno. Utagundua kwamba Tom Malanga hajazi kila pigo. Anapiga kifungu kifupi chenye tuni yake, anaacha nafasi, kisha anarudi. Ile nafasi anayoiacha ndiyo inayokufanya utikise bega.

Rudia wimbo huo huo, safari hii fuata rizimu. Gitaa la Omari Shabani halikimbii wala halipandi, linashikilia mzunguko mmoja kwa uvumilivu wa ajabu. Kwa kuwa rizimu limetulia, solo la John Ngereza lina uhuru wa kuzungumza. Linatangulia kuimba kabla ya waimbaji, na waimbaji wanapoingia linajisogeza pembeni, kisha linajibu mwishoni mwa mstari. Mara ya tatu sikiliza sauti. Anayeimba anajitetea mbele ya mtu aliyemkasirikia, lakini sauti hazipandi kwa hasira. Zinaimba kwa pamoja, kwa upole, na upole huo ndio unaofanya utetezi ule uaminike. Vyombo ni vichache na kila kimoja kinasikika. Hakuna mahali ambapo wawili wanagombania nafasi moja. Ndiyo maana wimbo huo bado unainua watu vitini kwenye harusi za leo, wakiwemo vijana waliozaliwa miaka mingi baada ya kurekodiwa kwake.

Sikinde ilifanya kinyume kabisa na ikafaulu pia. Pale kulikuwa na jeshi: waimbaji kadhaa, magitaa yaliyogawana kazi kati ya solo, solo la pili na rizimu, besi, drams, tumba, saksafoni na tarumbeta. Hatari ya kundi kubwa ni kelele. Dawa yake ilikuwa zamu. Sehemu ya kwanza ya wimbo ni ya hadithi: mwimbaji anasimulia, kiitikio kinamuunga mkono, na wapulizaji wanaingia pale tu mwimbaji anapovuta pumzi. Kisha wimbo unageuka, mwendo unachangamka, maneno yanapungua, na magitaa yanaanza kusukana huku saksafoni na tarumbeta vikirudia kifungu kimoja mpaka mchezaji akikariri kwa miguu. Nyuma ya nidhamu hiyo alikuwepo Michael Enoch, fundi aliyewahi kung'ara kwa gitaa katika Dar es Salaam Jazz na ambaye Sikinde walimjua pia kama mpuliza saksafoni na mwalimu wao. Sauti kama za Hassani Bitchuka na Cosmas Chidumule zilikuwa na utajiri wa kutosha kumeza wimbo mzima. Katika mpangilio wa Enoch zilipewa mahali pa kuanzia na mahali pa kukomea.

Kipimo cha tatu husahaulika: wimbo ulirekodiwa wapi, na kwa ajili ya nini? Bendi za Dar es Salaam zilirekodi zaidi kwenye studio ya Radio Tanzania. Bendi nzima iliingia ikapiga kwa pamoja, waimbaji na wapulizaji mbele ya vipaza sauti vichache, bila nafasi ya kurudi baadaye kusahihisha solo lililoteleza. Unachosikia ni bendi ilivyokuwa siku ile, pamoja na mazoezi yake yote. Nairobi kulikuwa na biashara ya santuri. Wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili kwenye santuri ndogo: upande wa kwanza maneno, upande wa pili magitaa. Mtunzi alilazimika kujua wimbo utakatikia wapi, na upande wa pili ulihitaji kuanza na nguvu ya kumfanya mtu ageuze sahani. Usafi wa sauti unaousikia kwenye kazi nyingi za Nairobi unatokana kwa sehemu na mazingira hayo. Ukiihukumu bendi ya Dar es Salaam kwa ukungu ulio kwenye utepe wa redio, unaihukumu mashine.

Kwa wanamuziki mmoja mmoja, kipimo changu ni hiki: mweke mtu huyo katika bendi tofauti, je, bado utamjua? Gurumo anafaulu bila shaka. Aliimba NUTA, akaimba Sikinde, akaimba Safari Sound, na baadaye akarudi Msondo. Ile sauti yake pana isiyo na haraka, ya mtu mzima anayetoa nasaha, ilibaki yake kila mahali. Mbaraka anafaulu kwa namna nyingine. Yeye alikuwa mwimbaji, mtunzi na mpiga solo kwa wakati mmoja, na hilo lilibadilisha umbile la nyimbo zake. Katika bendi nyingi solo humjibu mwimbaji. Kwa Mbaraka mtu mmoja anauliza kwa mdomo na kujijibu kwa vidole, kwa hiyo jibu linafika bila kuchelewa na lina hisia ile ile ya swali. Sikiliza Shida, ya enzi za Super Volcano, ukitega sikio kwenye miisho ya mistari yake. Alipofariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, Januari 1979, alikuwa na umri wa miaka 34 tu, na tayari alikuwa amepita katika bendi mbili akiwa yule yule.

Na mapenzi je? Kuna nyimbo tunazozipenda kwa sababu zilipigwa harusini kwetu, au kwa sababu marehemu baba alizipenda. Sizidharau hata kidogo. Ziandikie orodha yake, uiite nyimbo za maisha yangu, na usimruhusu mtu yeyote aihoji. Ukiipenyeza kwenye orodha ya bendi bora, mjadala unakufa, maana hakuna anayeweza kubishana na msiba wako au furaha yako.

Kwa vipimo hivyo, orodha yangu ya bendi inaanza na Mlimani Park Orchestra, kwa kuwa imefaulu kuondokewa na imefaulu kupanga kundi kubwa. Ya pili ni Msondo, kwa kudumu na kwa sauti isiyofanana na ya mtu mwingine. Ya tatu ni Les Wanyika, kwa kutufundisha thamani ya kuacha nafasi. Cuban Marimba ni ya nne. Kwa wanamuziki, Mbaraka Mwinshehe ni wa kwanza, Gurumo wa pili. Wa tatu ni Michael Enoch, ambaye wapenzi wengi hawamtaji kwa sababu kazi yake kubwa ilikuwa kuwafanya wengine wasikike. Wa nne ni Omari Shabani, mtunzi aliyekaa kwenye rizimu na kuwaachia wenzake mbele.

Wewe huenda utaiweka Vijana Jazz ya Hemedi Maneti juu ya zote, au Maquis, au Afro 70 ya Patrick Balisidya. Sina ugomvi nawe. Ninachokuomba ni uje na wimbo mmoja mkononi, utuonyeshe besi inafanya nini, solo linaingia wapi, na bendi ilifanya nini siku nyota wake alipoondoka. Mafundi hawa walifanya mazoezi mchana na kupiga usiku kucha kwa miaka mingi ili kila chombo kiwe na kazi yake. Wanastahili wasikilizaji wanaoweza kueleza kwa nini wanawapenda.