Mama na Binti Katika Fremu Moja: Namna Lebohang Kganye Alivyoitumia Albamu ya Familia

Mwaka 2013 Lebohang Kganye, mpigapicha wa Afrika Kusini aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1990, alitoa mfululizo wa picha alioupa jina Ke Lefa Laka: Her-story, ambamo yeye na marehemu mama yake wanaonekana pamoja katika fremu moja, wamevaa nguo zilezile na kukaa mkao uleule mahali palepale, ilhali kati ya picha ya mmoja na ya mwenzake ipo miaka mingi na msiba mmoja. Wakati huo alikuwa bado mwanafunzi wa sanaa katika Chuo Kikuu cha Johannesburg, na ufundi wa kamera alikuwa amejifunza Market Photo Workshop, shule iliyoanzishwa mjini humo mwaka 1989 na mpigapicha David Goldblatt ili kuwafungulia taaluma hii vijana waliofungiwa milango na utawala wa ubaguzi wa rangi. Ni rahisi kuipa kompyuta sifa zote za kazi hiyo, kwa kuwa ndiyo iliyoziunganisha picha. Lakini mtu akizifuata hatua zake moja baada ya nyingine ataona kwamba kompyuta ilikuja mwisho, na kwamba uzito wa kazi umo katika maamuzi yaliyotangulia, mbele ya kabati la nguo, uani na nyuma ya kamera.

Malighafi yenyewe ilikuwamo nyumbani siku zote: picha za kawaida za familia, za mama akiwa msichana na kisha mzazi kijana, pamoja na nguo zake zilizokuwa bado zimehifadhiwa. Picha za rangi za enzi ya mkanda si kitu kimoja kilichotulia kama zinavyoonekana, kwani kila moja ni karatasi iliyobeba matabaka matatu membamba ya rangi, yaani buluu-kijani, majenta na njano, yaliyoshikwa na jelatini, ule utando laini unaovimba ukipata unyevu na kuganda kwenye kioo cha fremu usipotunzwa. Rangi hizo hazifi kwa pamoja: picha iliyokaa ukutani kwenye mwanga mara nyingi hupoteza majenta kwanza, na zile za zamani zilizofungiwa gizani ndani ya albamu aghalabu hupoteza buluu-kijani, ndiyo maana picha nyingi za miaka ya 1970 zimegeuka nyekundu ingawa hazikuguswa na jua. Anayeiskani picha ya namna hiyo hukabiliwa na swali ambalo mafundi wengi wa studio hulijibu haraka mno, yaani kama airudishie rangi zake za siku iliposafishwa au aiache na umri wake. Katika Her-story umri umeachwa: rangi iliyofifia, mwanga uliopauka na ulaini wa lenzi ya bei nafuu vimebaki, na uamuzi huo ni sahihi, kwa sababu picha ya mama iliyong'arishwa hadi kufanana na ya binti ingekuwa imefuta kitu pekee kinachomwonyesha mtazamaji kwamba wawili hao hawakusimama hapo siku moja.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya miguu. Kganye, akisaidiwa na kumbukumbu za bibi yake, alikwenda mahali picha zilipopigiwa ili naye apigwe papo hapo. Katika kazi ya aina hii, ambayo wapigapicha huiita kupiga upya, kurudi kwenye ua uleule hakutoshi, kwa kuwa umbo la picha huamuliwa na sehemu hasa ambapo kamera ilikuwa, na lenzi yenyewe hupanua au kupunguza tu kile kinachoingia ndani ya fremu. Njia ya kuitafuta sehemu hiyo ni kuchagua vitu viwili vilivyobaki, kimoja karibu na kingine mbali, kwa mfano pembe ya dirisha na ncha ya paa la jirani, kisha kusogea kushoto, kulia, mbele na nyuma hadi vikutane kama vinavyokutana kwenye picha ya zamani. Kimo cha kamera husomwa kwenye upeo wa macho, kwani katika uwanja tambarare kila kitu kinachokatwa na mstari huo kimekatwa usawa wa lenzi, jambo linalobainisha hata kama aliyepiga alikuwa mtu mzima aliyesimama au mtoto. Jua nalo lina masharti yake. Johannesburg iko takriban digrii 26 kusini mwa ikweta, na kwa hiyo jua la adhuhuri hufikia kiasi cha digrii 87 juu ya upeo mwezi Desemba, karibu utosini kabisa, lakini mwezi Juni huishia kiasi cha digrii 40. Kivuli kilichorefuka kwenye nyasi kinaweza basi kueleza majira na saa, na anayekipuuza atapata watu wawili wanaoangazwa na majua mawili.

Baada ya hapo ndipo zikaja nguo na mkao. Kuvaa gauni la mama kunamlazimisha binti kuugundua mwili uliolishonesha, yaani namna bega lilivyoinama, uzito ulivyoegemezwa mguu mmoja na mkono ulivyoshika kiuno, na mambo hayo hayawezi kusahihishwa baadaye kwa programu yoyote.

Kompyuta ilipofikiwa, kazi yake ilikuwa kuweka tabaka juu ya tabaka, yaani picha moja kulazwa juu ya nyingine na ya juu kupunguzwa uzito ili ya chini ionekane. Tabaka la juu likipunguzwa hadi nusu, kila pikseli, ambayo ni nukta ndogo kabisa ya picha ya kidijitali, huwa wastani wa nukta mbili zilizokutana, na matokeo yake ni kwamba miili inapopishana nguvu ya weusi na weupe hushuka. Hapa pana hatari ambayo historia ya upigaji picha inaifahamu vyema. Mwishoni mwa miaka ya 1870 Francis Galton, nchini Uingereza, alizirundika nyuso za watu mbalimbali kwenye bamba moja, macho juu ya macho, akitafuta sura ya jumla ya mhalifu, na alichopata ni uso usio wa mtu yeyote. Kganye aliikwepa hatari hiyo kwa kumsogeza binti kidogo pembeni, hivi kwamba nyuso mbili zinabaki mbili, bega la mmoja likipita ndani ya bega la mwenzake bila kulimeza. Katika Setshwantso le ngwanaka II, ambayo kwa Kisotho ni picha na mwanangu, mama yuko kwenye nyasi na mtoto mdogo, na binti mtu mzima, mwepesi kama ukungu, anaurudia mkao wa mama kando yake.

Mpigapicha Mjapani Chino Otsuka, katika Imagine Finding Me, alichukua njia nyingine: alijiingiza akiwa mtu mzima ndani ya picha za utoto wake kwa ustadi unaoficha kiungo kabisa, hadi mtazamaji huamini kwamba mtoto na mwanamke huyo wanafuatana barabarani. Kazi hiyo ni nzuri, na kwa mtu anayejitafuta mwenyewe ndiyo njia inayofaa, kwa sababu mtoto na mtu mzima ni mtu mmoja. Kwa aliyefiwa, kiungo kilichofichwa kingesema uongo. Kganye alikiacha waziwazi, na hilo ndilo linaloipa Her-story uaminifu wake.

Sehemu ya pili ya mradi, Heir-story, ilihitaji mbinu tofauti kwa kuwa pengo lake lilikuwa tofauti. Babu yake, aliyehama Free State kwenda Transvaal kutafuta kazi, alifariki kabla mjukuu hajazaliwa, na familia ilikuwa imetawanyika katika nchi ambayo Sheria ya Ardhi ya 1913 na Sheria ya Maeneo ya Makundi ya 1950 ziliwapangia watu weusi wapi wakae na wapi wasikae. Hata jina la ukoo liliandikwa kwa tahajia zaidi ya moja. Hapakuwa na ua mmoja wa kurudi na kamera. Kganye basi alizikuza picha za jamaa hadi ukubwa wa binadamu, akazikata zikafuata umbo la kila mmoja, akazisimamisha kama watu wa jukwaani, na yeye mwenyewe, akiwa amevaa suti kama ya babu, akawa mtu pekee mwenye mwili kati yao. Kila sura ya karatasi imekuja na mwanga wa siku yake, mwingine kutoka kulia na mwingine kutoka juu, na taa za studio zinazomwangukia Kganye hazikujaribu kuipatanisha.