Mafoto Ni Mazuri, Lakini Nyumba Haionekane

Ndugu na dada wa chama yetu, mafoto ya matembezi tuliyofanya ku Bâtiment du 30 juin, hapa Lubumbashi, yametoka. Nimeyaangalia yote mara mbili. Ni masafi, mwangaza wa jua la magaribi umekaa vizuri, na matoge yanapendeza. Lakini tuambiane ukweli: karibu kila foto ingeweza kupigwa mbele ya ukuta yoyote. Mutu anasimama katikati, diploma ku mukono, mugongo ku nyumba, na nyumba yenyewe imekatwa kichwa. Maneno ya chini nayo ni yale yale: «Mungu ni mwema», «Jasho imelipa». Jina ya nyumba? Mwaka? Hakuna.

Njo pale shida iko. Ile nyumba haiko pazia ya studio.

Ilijengwa mu miaka ya 1950 ili ikuwe teatre, kwa mupango wa Claude Strebelle, arshitekte Mubelgiji. Muji ulikuwa ungali unaitwa Elisabethville, na ulikuwa umegawanywa: Wazungu katikati, Weusi mu komini kama Albert, ile tunaita leo Kamalondo. Leo nyumba inabeba jina ya siku ya uhuru, 30 juni 1960. Na jina ile, mu muji huu, iko na uzito wake. Siku 11 tu kisha uhuru, tarehe 11 julai, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga inajitenga, na ile mambo iliisha paka mu 1963.

Sasa ndani njo munakaa bunge ya jimbo la Haut-Katanga. Badepite wake wanapiga kura juu ya bajeti ya jimbo, na katiba ya 2006 imewapa kazi ya kuchagua guvernere. Nyumba iliyojengwa kwa michezo ya kuigiza njo inaamua leo namna feza ya jimbo itatumika.

Kisha rudia mafoto yetu. Vijana wenye diploma, wengi wetu tungali tunatafuta kazi, na wote tumegeuzia ile nyumba mugongo. Hakuna aliyepanga ile maana, lakini foto inasema yenyewe.

Mutu atanijibu: acha watu wafurahi, mama ku nyumba anataka kuona mutoto wake mu toge. Iko haki. Mama aone mutoto wake, alimulipia masomo. Lakini foto mbili tatu kwa kila mutu zinatosha kwa ile kazi. Zingine zingeweza kutuonyesha fasi tulipokuwa.

Mufano hatuutafute mbali. Sammy Baloji, mutoto wa muji huu, mu kazi yake «Mémoire» ya 2006, alipiga foto za viwanda vya Gécamines vilivyoachwa, kisha akaingiza ndani watu wa mafoto ya zamani, ya wakati wa ukoloni. Mbele ya kazi ile huwezi kusema kiwanda ni pambo tu ku nyuma ya watu. Unaona fasi, unaona waliotumika pale, na unajiuliza nani alipata faida.

Mu mafoto yetu, moja tu inasogea karibu na ile. Dada mumoja, bila toge, amepigwa kutoka nyuma, ameinua kichwa anaangalia nyumba. Uso wake hauonekane. Yeye ni mudogo, nyumba ni kubwa. Wengi waliipita haraka, juu haina tabasamu. Kwangu njo ya kwanza kwa uzuri, sababu inauliza swali: ndani mule nani anasema, na anasema kwa ajili ya nani?

Matembezi inayokuja, napendekeza hivi. Nusu saa ya kwanza, kila mutu ageuke, uso ku nyumba. Tupige mulango, tupige kivuli, tupige upande wa nyuma wenye hakuna anayeenda. Wanaoingia na wanaotoka, tuwaombe ruhusa, tuwapige nao. Chini ya kila foto tuandike jina ya nyumba na kazi inafanyika mule. Kisha tuvae matoge, tupige zile za mama.