Hadithi Ijibuyo: Uhakiki wa Mchezo wa Kompyuta "The Hobbit"

Wako wasomaji watakaoshangaa kuona taarifa ya walimu wa lugha ikitenga kurasa zake kwa ajili ya mchezo wa kompyuta, tena mchezo uliotoka mwaka 1982. Naomba wanivumilie. Mchezo huu uliandikwa kwa maneno, huchezwa kwa maneno, na sifa kubwa iliyotangazwa juu yake ilikuwa sifa ya lugha: kwamba mashine inafahamu sentensi. Dai la namna hiyo halifai kuachiwa mafundi wa mitambo peke yao.

Yafaa kwanza tukumbuke mazingira yake. Kati ya mwaka 1981 na 1984 kompyuta ziliingia majumbani mwa watu wa Uingereza kwa wingi. BBC Micro ilitoka Desemba 1981 ikisindikizwa na vipindi vya televisheni, na serikali ikazisaidia shule za sekondari kulipa nusu ya bei. ZX Spectrum ya Sinclair ilitangazwa tarehe 23 Aprili 1982, pauni 125 ile ndogo, na pauni 175 ile yenye kumbukumbu ya kilobaiti 48. Mwaka huo huo Commodore 64 ilitoka Marekani. Basi wenye mitambo hiyo wakagawanyika kama washabiki wa timu mbili za mpira za mji mmoja. Wa Spectrum alisifu bei. Wa Commodore alisifu muziki, maana mtambo wake uliweza kutoa sauti tatu kwa pamoja, ilhali Spectrum ililia kwa sauti moja kama kifaranga. Wa BBC aliwacheka wa Spectrum kwa vitufe vyao vya mpira. Nao wakamjibu kwamba kwa takriban pauni 400 amepata kilobaiti 32 tu. Watu walibishana hata juu ya rangi: katika kila mraba mdogo wa kioo cha Spectrum zilikaa rangi mbili tu, hivyo mtu aliyepita mbele ya ukuta aliuambukiza ukuta rangi yake.

Mabishano hayo hayakuwa ya kipuuzi, kwani fedha za watu zilikuwa hatarini. Hata hivyo, yalihusu chombo zaidi ya kilichomo ndani yake. Wazazi wengi walinunua kwa neno moja, "masomo", na watoto wakafanya walivyotaka. Mwaka 1984 mtambo uliosifiwa kwa elimu kuliko yote, BBC Micro, ndio ulioutoa Elite, mchezo wa biashara na vita vya angani. Tusiwacheke Waingereza. Katika shule moja niijuayo, miaka michache tu iliyopita, kikao cha kununua kompyuta kilitumia saa mbili kulinganisha ukubwa wa kumbukumbu na upana wa vioo. Aliyeuliza wanafunzi watasoma nini humo alijibiwa kwamba hilo litaangaliwa baadaye.

Sasa tuuingie mchezo wenyewe. "The Hobbit" ulitungwa Melbourne, Australia, na vijana wa chuo kikuu, Veronika Megler na Philip Mitchell wakiwa mbele yao, kutokana na kitabu cha J. R. R. Tolkien cha mwaka 1937. Mchezaji husoma maelezo mafupi ya mahali alipo, kisha huandika alitakalo, na mashine humjibu. Michezo ya kwanza ya aina hii, kama "Adventure" ya Will Crowther iliyopanuliwa na Don Woods mwaka 1977, ilipokea maneno mawili tu, kitenzi na nomino, mithili ya mtoto anayeanza kusema. "The Hobbit" ulipokea sentensi kamili, wenye vielezi na vihusishi, na watungaji wakaiita lugha hiyo Inglish, kwa tahajia hiyo hiyo. Jina hilo nalipenda kwa ukweli wake: wamekiri kwamba si Kiingereza, bali ni jamaa yake wa mbali. Wanaosema mchezo huu ulikuwa wa kwanza kupokea sentensi wanautia chumvi. "Zork", uliozaliwa chuo cha MIT na kuuzwa kwa watu wa majumbani tangu mwaka 1980, ulikwisha fanya hivyo.

Mimi naona ubora wake uko kwingine. Katika michezo mingi ya wakati ule wahusika walikuwa kama samani, wakingoja mchezaji awaguse. Humu wana safari zao. Gandalf huingia, hukichukua kitu ulichokihitaji, hutoka pasipo kuaga. Ukimpa Elrond ramani, sharti umwombe aisome, na ombi laweza kukataliwa. Ukikaa kimya, wakati haukungoji. Waweza kuambiwa umepitwa na mambo ilhali hujabonyeza kitufe. Nimeucheza mwenyewe kwa programu iigizayo mtambo wa zamani, nikaanza mara sita, na hazikufanana hata mbili. Mtambaji hodari wa ngano hufanya vivyo hivyo mbele ya hadhira: kisa ni kile kile, lakini usiku wa leo si wa jana.

Hapo ndipo penye kasoro pia. Thorin, mwenzi wa safari, hukaa kitako na kuimba juu ya dhahabu, tena na tena, hata wachezaji wakamfanya kichekesho. Wahakiki wengi wamelitaja jambo hili kama hitilafu ya kitoto. Mimi nalichukulia kwa uzito zaidi. Katika ngano zetu wimbo hurudiwa, na hadhira huungojea. Lakini kila urudipo hukuta hali imegeuka. Msichana aliyeimba akiwa kisimani huimba tena akiwa tumboni mwa zimwi, na maneno yale yale sasa yanaliza. Thorin huimba vile vile akiwa salama na akiwa karibu kuuawa. Mashine ilipewa kiitikio, haikupewa sababu ya kuitikia. Isitoshe, katika kitabu vibeta ni kumi na watatu, na utani na kununa kwao ndio moyo wa safari. Katika mchezo amebaki Thorin peke yake. Maelezo ya mahali nayo ni makavu. Kilobaiti 48 ni kama kurasa ishirini na nne tu za taipu, na humo sharti picha, kanuni na hadithi zote zienee. Watungaji walilijua hilo, ndiyo maana kila sanduku la mchezo, lililouzwa pauni 14.95, lilikuwa na nakala ya kitabu ndani yake. Mchezaji aliyekwama alilazimika kusoma. Sijui kifaa kingine cha burudani cha enzi ile kilichouza riwaya kwa hila nzuri kama hiyo.

Lakini swali linalotuhusu sisi ni jingine: je, kazi kama hii ingewezekana kwa Kiswahili? Mashine ya Inglish ilikata sentensi penye nafasi, kisha ikatafuta kila neno katika orodha yake. Mpe "akamfungulia" uone. Hapo hakuna nafasi ya kukata, na bado mna mtenda, wakati, mtendewa, kitendo, na ile kauli ya kutendea ambayo Kiingereza huieleza kwa kihusishi cha pembeni. Orodha ya maneno haitoshi. Sharti mashine ifundishwe viambishi, yaani ifundishwe sarufi. Wapo waliohitimisha kwa haraka kwamba lugha zetu ni ngumu mno kwa mitambo. La hasha. Kiingereza kina kiwakilishi kimoja kwa kisu, sanduku na jiwe, hivyo mashine hulazimika kubahatisha ni kipi kinachotajwa. Kiswahili husema "kichukue" au "lichukue", na ngeli yenyewe imekwisha punguza shaka. Ugumu wa kweli uko mahali wasipopatazamia. "Uchukue" ni upanga, ni ufunguo, au ni mkate? Au ni "wewe uchukue", amri ya upole isiyotaja kitu chochote? Herufi moja imebeba mizigo minne, na hata mwanadamu huipambanua kwa kutazama yaliyotangulia.

Nililijaribu jambo hili darasani kwa wanafunzi wa kidato cha tatu, pasipo umeme wala mtambo. Huku kwetu wengi wao hukutana na Kiswahili darasani kabla ya kukizoea nyumbani, na viambishi vya yambwa huwatesa. Mwanafunzi mmoja aliketi mbele akawa mashine, akiruhusiwa vitenzi thelathini vilivyoandikwa ubaoni, na sheria kwamba akipewa kiambishi kisicholingana na kitu kilichomo chumbani ajibu tu, "Sioni." Wenzake waliingia katika nyumba ya zimwi tuliyoitunga pamoja. Dakika za kwanza zilijaa "sioni", kwa kuwa waliamuru "ichukue" penye sanduku na "kifungue" penye mlango. Baadaye wakaanza kusahihishana wao kwa wao, kwa hasira, maana zimwi lilikuwa linakaribia. Msichana mmoja aliyekaa nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi, alisimama akaamuru, "Ufungue!" Mashine ikamwuliza: mlango au ufunguo? Akajibu kwamba ufunguo haufunguliwi, na kwamba mashine isiyojua hilo haifai kununuliwa.

Kengele ililia tukiwa bado ndani ya nyumba.